Kisa cha Kweli, Watu wa Uongo

Siku hizi ni vigumu kufungua kundi la hadithi kwenye simu usikutane na bango la "kisa cha kweli". Hadithi hutoka sehemu kwa sehemu, ya kwanza bure, zinazofuata kwa kutuma hela kwa namba iliyowekwa chini, na karibu kila moja huapa kwamba yaliyomo yalimtokea mtu. Wanaozisifu husema kwamba hatimaye waandishi wetu wameacha kubuni watu wa hewani, wameanza kuwatazama jirani zao. Wanaozilaumu husema uandishi umegeuka umbea. Pande zote mbili zinakubaliana jambo moja, kwamba mwandishi wa kisa cha kweli ni mtu aliyewatazama watu, na mimi naona hapo ndipo zinapokosea zote. Nyingi ya hadithi hizi zimeandikwa na mtu aliyesikia, hakutazama. Amepokea mkasa, akaukimbiza kwenye simu, na watu wa kuujaza akawaokota palepale wanapookotwa siku zote: mama mkwe mkorofi, mume mlevi, rafiki msaliti, dada wa kazi mwenye siri. Mkasa unaweza kuwa wa kweli kila herufi, na bado asiwemo mtu hata mmoja ndani yake.

Tanga tunaiona hasara hii waziwazi, maana mji wetu umefanywa ghala la wahusika waliokwisha kutengenezwa. Mwandishi wa mbali akitaka mwanamke wa kumfunga mwanamume, humtoa Tanga. Akitaka mganga, humtoa Tanga. Akitaka jini la baharini, haendi Kilwa wala Mafia, huja Tanga. Mwanamke huyo huingia hadithini na udi, kanga mbili na sauti ya kubembeleza, na kabla sehemu ya pili haijaisha limbwata limeshaliwa. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba hata vijana wa hapahapa, waliozaliwa Makorora na Mabawa, humwandika vivyo hivyo, kana kwamba hawana mama, shangazi wala dada. Mitaani mambo ni mengine kabisa. Mkonge uliletwa mwaka 1893, ukapandwa kwanza Kikogwe, karibu na Pangani, na kwa zaidi ya nusu karne mashamba yake yalivuta vibarua wa mkataba, manamba, kutoka kila upande wa nchi na hata nje yake. Wajukuu wao leo wamo katika barabara zenye namba za Ngamiani pamoja na Wadigo, Wabondei, Wasambaa na Wasegeju. Wanakula bada kama wenyeji wengine, na wengi wao hawajui neno hata moja la lugha ya babu zao. Binti wa ukoo kama huo, anayeuza vocha mchana na kusoma jioni, ni mwanamke wa Kitanga kamili. Hadithini sijamkuta.

Sababu ya mkasa wa kweli kuzaa watu wa uongo imo katika namna mkasa wenyewe unavyomfikia mwandishi. Mtu anayekusimulia yaliyompata hakupi watu, anakupa hukumu. Amekaa na jambo lake miezi au miaka, amelisimulia kwa dada yake, kwa shoga yake, pengine mbele ya wazee wa usuluhishi, na kila alipolisimulia limezidi kunyooka. Yeye ndiye aliyedhulumiwa, yule ndiye dhalimu, na yote yasiyoingia katika mpango huo yamekwisha kudondoka njiani: usiku ule dhalimu alipomuuguza mpaka kukapambazuka, siku ile yeye mwenyewe aliponyamaza ilhali alipaswa kusema. Simlaumu. Anayedai haki yake hana budi kuyanyoosha maneno. Lakini mwandishi anayeyapokea hivyo na kuyaandika hivyo ameuchukua ushahidi wa upande mmoja akauita maisha. Ndiyo maana mama mkwe wa hadithi hizi hana saa anayokuwa peke yake. Hatumwoni akichambua mchele, akitafuta miwani, akimficha mjukuu asipigwe. Yu hai wakati anapomtesa mkaza mwana tu, kwa kuwa huo ndio wakati pekee msimuliaji aliokuwa akimwangalia.

Shule nayo imetia mkono wake. Fasihi tuliyofunzwa sekondari huwaweka wahusika chini ya fani, kisha humtaka mwanafunzi aorodheshe sifa: fulani ni mlevi, ni msaliti, ana mapenzi ya dhati, ana msimamo. Kwa mtihani ni njia inayofaa, kwani mtahini anahitaji kitu cha kutia alama. Shida huja pale aliyefuzu mtihani ule anapokaa kuandika hadithi yake na kuifuata njia ileile kinyumenyume: anaanza na sifa, halafu anaitafutia mtu wa kuibeba. Hata somo la mhusika bapa na mhusika duara, linalotokana na mihadhara ya mwandishi Mwingereza E. M. Forster iliyochapishwa mwaka 1927, hufundishwa kama makabati mawili ya kupangia majina. Forster mwenyewe alikuwa na kipimo kilicho hai zaidi: mhusika duara ni yule anayeweza kutushangaza na bado tukamwamini. Mshangao wa namna hiyo hautoki kwenye orodha, kwa sababu orodha haina mahali pa kumweka mlevi ambaye hajawahi hata siku moja kumchelewesha mwanawe shule.

Wanaoutetea mtindo wa kisa cha kweli wana hoja moja nzito, nayo haifai kupitwa haraka. Wanasema bango hilo limewapa sauti watu ambao vitabu havikuwataja: mfanyakazi wa ndani, mjane aliyenyang'anywa nyumba, kijana aliyerudi kutoka Uarabuni mikono mitupu. Limewafanya kuwa waandishi, tena, watu ambao hakuna mchapishaji angewafungulia mlango. Nakubali yote mawili, na nafurahi kwamba simu imefanya hivyo. Ila kumpa mtu sauti bila kumpa utu wake mzima ni kumpa nusu. Mjane anayelia kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya ishirini amenyang'anywa mara ya pili, safari hii kicheko chake, wivu wake, na ujanja wake wa kuwazungusha wadai.

Wapo pia wanaosema kuwa fasihi yetu haikuwahi kuhitaji kuwatazama watu. Hutoa mfano wa Shaaban Robert, na mfano huo ni wa nyumbani: alizaliwa Vibambani, jirani na mji huu, mwaka 1909, na wahusika wake wengi huzibeba sifa zao katika majina. Adili ana adili, Utubora ana utu bora, Majivuno hujivuna. Kama gwiji alifanya hivyo, kwa nini sisi tuhangaike na mwendo wa mtu na jinsi anavyohesabu chenji? Hoja hii husahau mapatano aliyoyafanya na msomaji. Kusadikika, katika kitabu chake cha jina hilo, ni nchi iliyo hewani, mipaka yake ni pepo, na msomaji huingia akijua amekuja kusikiliza shauri la haki, hivyo hakuna anayemdai Majivuno kodi ya nyumba wala maumivu ya goti. Anayempandisha mhusika wake kwenye bajaji kutoka stendi ya Kange hadi Barabara ya 12 amefanya mapatano mengine. Amesema: huyu unaweza kukutana naye. Akishasema hivyo, jina zuri halimtoshi. Na Shaaban Robert huyohuyo, alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, aliweka kando majina ya sifa na kumfuata mtu, binti wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya kuimba. Aliijua tofauti.

Kutazama ninakokusema mimi ni kazi yenye nidhamu. Mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant ameeleza, katika utangulizi wa riwaya yake ya mwaka 1888, jinsi mwandishi mwenzake Gustave Flaubert alivyomfunza: ukipita mbele ya muuza duka aliyeketi mlangoni, mwandike nisimchanganye na muuza duka mwingine yeyote, ukimwona farasi wa gari la abiria, nionyeshe kwa neno moja anavyotofautiana na farasi hamsini walio mbele na nyuma yake. Zoezi hilo halina mkasa ndani yake, na faida yake iko hapohapo. Ukimtazama mtu wakati wa balaa, balaa humfunika. Msibani karibu kila mtu hulia. Mtazame wakati hakuna linalotokea.

Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi vyombo vinapoingia. Mchuuzi anayemtaka kolekole hamwangalii. Huinamia tenga la tasi asilolihitaji, akalaumu udogo wao, na muda wote huo sikio lake liko kwa mnadi. Mwingine hupandisha bei kwa sauti ya juu ilhali hana kitu mfukoni, kwa sababu nyuma yake amesimama mwenzake mwenye fedha, na fungu watagawana wakishafika kivulini. Niliwahi kuwaona wanawake wawili ambao kila mtu pale alijua kuwa hawasemeshani. Mmoja alipungukiwa mnadi akiwa anamsubiri. Yule wa pili akatoa noti. Mkono ukaenda kwa mwenzake, uso ukabaki umeelekea baharini, na hakuna aliyesema ahsante. Ndani ya tendo hilo mna ugomvi, mna udugu wa kazi, mna hofu ya kuonekana umelegea, na mna hesabu ya siku utakayopungukiwa wewe. Hakuna sifa ya mtihani inayoweza kulibeba lote. Ungemwomba yeyote kati yao akusimulie, angekusimulia ugomvi. Ile noti asingeitaja, pengine hata haikumbuki. Masimulizi yangekupa maadui wawili. Macho yanakupa wanawake wawili, kila mmoja na mambo yake.

Lugha nayo hutazamwa, ingawa kwa sikio. Miji ya Pwani huendesha mambo yake kwa salamu na majina ya ukoo, na humo mtu hujifichua bila kujua. Namjua muuza duka ambaye humwita mteja "bwana" anapopokea taslimu. Akianza kumwita "mwanangu", mkopo umekwisha kukataliwa na kilichobaki ni maneno ya kumpoza. Kijana aliyerudi na gari hupigiwa shikamoo na watu waliomzidi umri, na namna anavyoipokea shikamoo asiyostahili, kwa kucheka, kwa kuikataa, au kwa kuiacha ipite, humweleza kuliko ukurasa mzima wa wasifu. Mwandishi wa kisa cha kweli huandika "wakasalimiana" akaendelea na safari, na amekipita kile alichokuwa akikitafuta.

Hata hivyo macho peke yake hayatoshi, na wanaosema kuwa kutazama huzaa orodha ya vituko wana haki yao. Unaweza kujaza daftari zima kwa vicheko, mikono na miendo ya watu usipate mhusika. Kinachokosekana ni sababu, na sababu haionekani. Lazima ikisiwe, tena ikisiwe zaidi ya mara moja. Chukua mzee wa baraza ya kahawa ambaye shati lake limepigwa pasi kila asubuhi ingawa hana kazi anayokwenda. Kisio la kwanza ni majivuno. Kisio la pili linahitaji historia. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Kisha nyuzi za viwandani zikaiangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa kuanzia mwaka 1967, na katika miaka iliyofuata korona, yaani viwanda vya kuchambulia nyuzi za mkonge, zikanyamaza moja baada ya nyingine. Aliyekuwa karani wa korona, aliyeita majina ya vibarua alfajiri nao wakamwitikia, anaweza kulipiga pasi shati kwa sababu ndilo jambo la mwisho la kazi ile lililobaki mikononi mwake. Kisio la tatu ni la nyumbani: huenda anayepiga pasi ni mkewe, na siku atakapoacha mtaa wote utajua kuna neno. Makisio matatu, wazee watatu, shati moja. Mwandishi asiyeijua korona hawezi kufika kwenye kisio la pili, hata akikaa barazani mwaka mzima. Anayeijua huchagua, kisha huongeza kicheko alichokisikia Sahare na hofu aliyoiona Chumbageni, mpaka asibaki mtu yeyote wa kweli anayeweza kusema: huyu ni mimi.

Na hapo ndipo penye hoja ninayoiheshimu kuliko zote, hoja ya sitara. Watu wa Pwani tumelelewa tusichungulie. Lililo nyuma ya pazia la mwenzio si lako, na anayelitoa nje ni mmbea hata akilitoa kwa maandishi mazuri. Wenye hoja hii husema mwandishi anayetazama watu anavunja sitara, na mimi naona wameielekeza lawama pasipo pake. Kinachovunja sitara ni mkasa uliobebwa mzimamzima. Mtaa ukitajwa, biashara ikitajwa, idadi ya watoto ikitajwa, kumbadili Mwanaidi kuwa Mwanahawa hakumfichi mtu katika mji ambao watu hutambuana kwa baiskeli zao. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens naye alikuwa akitoa hadithi sehemu kwa sehemu, kila mwezi, na mwaka 1849 alimwingiza katika riwaya ya David Copperfield mwanamke mfupi mno wa kimo, mrembaji, aliyechukuliwa kutoka kwa jirani yake wa London ambaye kazi yake ilikuwa kutunza miguu ya watu. Jirani akajitambua, akamwandikia kwa uchungu, na Dickens akalazimika kumgeuza mhusika huyo kuwa mtu mwema katika sehemu za mbele. Alichokosea kinaonekana: alichukua mwili wa mtu mmoja, akaubandika hadithini bila kuuchanganya na mwingine. Noti ya Deep Sea ilitolewa hadharani, haina siri ndani yake, na ikihamishiwa kwa wanawake wengine katika soko jingine hakuna atakayeumia. Mpaka ninaoushika mimi ni huu: lililofanyika barazani, sokoni, garini na harusini ni la kutazamwa, lililosemwa chumbani hubaki chumbani, hata kama msemaji amekuruhusu, kwani yule aliyetajwa pamoja naye hakuruhusu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba msomaji wa simu hana haja na mhusika, anataka mkasa uende mbele, na mwandishi anayepoteza aya nzima kwa shati la mzee atakimbiwa. Anayesema hivyo hawajui wasomaji wake. Huu ni mji uliolea taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, na taarabu humtegemea msikilizaji alifumbue fumbo bila kuambiwa. Mwanamke hununua kanga kwa ajili ya jina lililoandikwa juu yake, akaivaa siku jirani fulani atakapopita, jirani akaelewa, na bado wote wawili wakaamkiana vizuri. Watu waliozoea kuisoma nia ya mwenzao katika jina la kanga hawawezi kuwa wasomaji wasiojali watu. Barazani wanaigana sauti na mwendo kwa ufundi mkubwa, na mwigaji akikosea kidogo tu husahihishwa papo hapo: sivyo, yeye hukohoa kwanza. Msomaji huyo akila mkasa usio na watu, ni kwa kuwa ndicho kilichopakuliwa.

Uzito wa jambo hili unazidi hadithi zenyewe. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limepangiwa kuishia Chongoleani, hapahapa Tanga, na pamoja na kazi zake wamekuja mafundi, madereva, wapishi na wapangaji wa aina ambayo mitaa yetu haikuizoea. Mabadiliko kama hayo yaliwahi kutokea hapa enzi za mkonge, na ya wakati ule tunayajua zaidi kwa tani na bei kuliko kwa watu. Miaka 30 ijayo, atakayetaka kujua mama mwenye nyumba alivyojifunza kumwamkia mpangaji Mganda, au kijana wa Mnyanjani alivyoubadilisha mwendo wake alipovaa kofia ya mradi kwa mara ya kwanza, hatayakuta kwenye ripoti. Atafungua hadithi za miaka hii. Kwa hali ilivyo atakutana na limbwata, jini, na wanawake wote wanaoongea kwa sauti moja.

Walimu wa fasihi wana uwezo wa kubadili jambo hili bila kusubiri mtaala: kabla ya kumwagiza mwanafunzi aorodheshe sifa za mhusika wa kitabu, wamtume sokoni akamwandike mtu mmoja asiyemjua, bila jina, bila mkasa, bila kutumia neno lolote la sifa. Wanaoendesha makundi ya hadithi wana uwezo mkubwa zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaoamua nini kitoke kesho. Waliondoe bango la kisa cha kweli, kisha wamwulize mwandishi maswali mawili kabla ya kupokea kazi yake: mama mkwe huyu hufanya nini saa kumi jioni akiwa peke yake nyumbani, na ni nani anayempenda? Asiye na majibu arudishiwe sehemu yake ya kwanza akaiandike upya.